Mkate Uliorudi Mkononi

Dodoma, kambi ya wakata kuni wa reli

Kwa dada yangu Zuhura, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kusimama, shikamoo. Mama, shikamoo. Na wewe baba mdogo, Mwalimu Idi, shikamoo, maana najua ndiwe uliyeishika karatasi hii. Hapo Kolo hakuna mwingine awezaye kusoma herufi zangu, na ndiwe uliyenifundisha kuziandika kwa fimbo. Hali zenu? Goti la mama limepoa, au bado anapanda mlima kwa kushika mawe? Mawingu yameanza kujikusanya huko? Na Mariamu, dada, mwanao, ameanza kung'oka meno? Huku mimi mzima wa mwili. Hayo mengine mtayasikia.

Baba mdogo, kabla hujaendelea nina ombi. Barua hii isisomwe ndani. Isomwe barazani, Ijumaa, watu wakitoka kuswali, na wawepo walewale waliokuwapo siku ile ya kilindo. Barua zangu nyingine zote mmezisoma barazani, mkazipigia kelele: Athumani kaleta kaniki, Athumani kaleta jembe, Athumani kaleta chumvi, mtoto wa kweli huyo. Basi na hii isomwe palepale. Kama umeanza kuisoma jikoni, ikunje, ungoje Ijumaa. Na kile kilindo cha gome alichokuja nacho Mzee Shabani, mchuuzi wa asali, msikifungue. Kiwekeni chini katikati ya watu, kila mmoja akione, kisha endelea.

Habari za huku si nzuri wala si mpya. Tunakata kuni za gari la moshi tangu alfajiri mpaka jua linazama, na lile lidude halishibi. Nilipofika hapa miti ilikuwa karibu na reli, ukiangusha mti unawasikia wapishi wa kambini wakigombana. Sasa tunatembea asubuhi nzima kabla ya kukuta mti wa kutia shoka, na kurudi na mzigo ndiyo mchana wote uliobaki. Msimamizi wa Kidachi anahesabu marundo, na rundo likipungua mtu analazwa chini, viboko hamsa ishirini, hakuna wa kumtetea. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliangukiwa na mti. Tukamzika kando ya reli, na hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi tupeleke habari. Mpaka leo nadhani mama yake anamngoja. Vumbi jekundu linaingia kwenye ugali, linaingia kwenye mlenda, ukilala linaingia masikioni. Nimezoea.

Kambini wananiita Mla Gizani. Mtacheka, lakini jina hilo sikupewa bure. Tunapika chungu kimoja watu sita, na mimi nikipata kipande cha nyama nakificha kwenye nguo, nakwenda kukila peke yangu nyuma ya rundo la kuni. Nikirudi nanawa pamoja nao, nakaa, nakula tena. Wenzangu wanajua. Wananitania, na mimi nacheka nao, maana nifanye nini? Mtu hucheka.

Sasa sikieni nilichokiona. Jumapili iliyopita alishuka kwenye gari Mgiriki mmoja na masanduku yake, anatoka pwani. Sisi wa kuni ndio tuliomshushia, kwa hiyo tukaruhusiwa kuingia kutazama mambo yake. Ilikuwa ndani ya ghala la ngozi, mchana kweupe. Wakafunga milango, wakaziba nyufa kwa magunia, giza likawa totoro. Joto lile na harufu ile ya ngozi mbichi, wallahi mtu unavuta pumzi kwa kujikaza. Ukutani wametundika shuka jeupe. Mgiriki akawasha taa ndani ya sanduku, akaanza kuzungusha mpini kama mtu achotaye maji kisimani, na pale kwenye shuka, dada yangu, wakatokea watu! Watu wanatembea, wanafungua milango, wanakaa mezani. Hawana sauti na hawana rangi, kijivu tupu, lakini wanakwenda. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekaa mbele kabisa alisimama akasogea pembeni ili awapishe wapite.

Msidhani natunga. Mnazijua zile picha nyekundu za watu warefu kwenye mawe ya juu kule kwetu. Basi fikirini zinashuka mwambani zinakwenda zao sokoni. Ndiyo hayo.

Palikuwa na mtu wa Tanga mwenye sauti kubwa, kazi yake kutueleza. Akasema, "Huyu tonge la mtu mwenye kofia ndefu ni Bwana Tumbo. Mtazameni!" Bwana Tumbo amekaa mezani kwake, mbele yake kuku mzima na mkate mrefu kama mkono. Dirishani anatokea mwanamke na mtoto, wamekonda, wanatazama tu. Bwana Tumbo akawaona. Mnadhani alifanya nini? Aliinuka akavuta pazia, akarudi kukaa, akaanza kula mbiombio kama anafukuzwa. Akanyang'anyana mfupa na mbwa, akamshinda mbwa. Watu wakaangua kicheko. Kisha akaficha mkate ndani ya kofia, akaivaa, akatoka nje anatembea shingo imesimama wima mkate usianguke. Upepo ukaipeperusha kofia. Mkate ukabiringika mlimani, naye nyuma yake, kitambi mbele, mpaka chubwi, wote wawili mtoni.

Nilicheka, dada. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mtu aliyekaa ubavuni kwangu gizani alikuwa anacheka kuliko mimi, ameniegemea bega kama ndugu. Alikuwa na karanga kwenye kitambaa, akawa ananipakulia kiganjani bila kunijua, nami napokea. Alipoacha kunipa nikaingiza mkono mwenyewe.

Basi yule Bwana Tumbo alipokuwa anazama, nani akamtoa? Yule mwanamke wa dirishani, kwa kumrushia mtandio wake. Bwana Tumbo akakaa ukingoni amelowa, akalia kama mtoto. Mkate ukaelea mpaka miguuni pake. Akauokota, akaukata, akamtia yule mtoto kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akawapeleka nyumbani kwake, akafungua pazia, akacheza nao ngoma. Yule wa Tanga akapiga kelele, "Haya! Bwana Tumbo amegeuka mtu!" Watu wakapiga makofi. Yote hayo, tangu uchoyo mpaka wema, hayakuzidi muda wa kuchemsha chungu cha maji.

Ndipo yule mzee wa Kigogo akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Huyu amegawa mkate tu. Hajasema kosa lake. Midomo inacheza, neno hakuna." Mtu wa Tanga akamwambia, "Mzee, hizi ni picha, hazina sauti." Mzee akajibu, "Basi hajatubu bado." Watu wakacheka tena. Mimi niliikumbuka kaniki niliyokuletea, dada. Na lile jembe. Na chumvi.

Lakini ubaya wenyewe ulikuwa bado. Watu walipiga kelele waonyeshwe tena, na Mgiriki, sijui kwa mzaha, akauzungusha mpini kinyume. Lo! Mambo yote yakarudi nyuma. Wanacheza ngoma kinyumenyume, wanatoka nyumbani kinyumenyume. Wakafika pale mtoni, Bwana Tumbo akanyoosha mkono kwenye kinywa cha mtoto, na kile kipande cha mkate kikatoka kinywani mwa mtoto kikarudi mkononi mwake. Akakiunga na kingine, mkate ukawa mzima, akauacha uende zake na maji. Ghala zima lilikuwa linalia kwa kicheko, watu wanapigana mabegani. Mimi nilikuwa natazama mkono ule. Nikasema moyoni, ninaujua mkono huo. Mimi nimefanya hivyo.

Na mpini ukazidi kuzunguka. Bwana Tumbo akarudi mezani, na kuku aliyemla akaanza kutoka kinywani mwake tonge kwa tonge, akirudi sahanini mpaka akawa kuku mzima, hana hata kovu. Hapo nililia, dada. Hilo la kwanza, la kumtoa mtoto mkate kinywani, niliweza. Hili la pili, la kurudisha nilichokula, siwezi, na hakuna mpini wa kulifanya.

Baba mdogo, hapa usikohoe na usiruke mstari. Soma kama ilivyoandikwa.

Mwaka ule wa njaa mama alitia uwele wa mbegu katika kilindo kama kila mwaka, akafunika, akapaka mavi ya ng'ombe, akapiga kiganja chake juu yakiwa mabichi. Nyote mnajua, kiganja cha mwenye nyumba kikishakauka pale, hakuna wa kugusa mpaka mvua ya kwanza. Watu watakula mizizi, watachemsha ngozi, mbegu haziguswi. Nami kiganja cha mama sikukigusa. Nilikigeuza kilindo juu chini. Nilifumua kitako chake, nikatoa uwele wote kidogo kidogo kwa siku nyingi, nikatia mchanga na majivu, nikashona tena. Nilikuwa naukaanga kwenye kigae kule juu, chini ya mwamba wenye picha, nakula peke yangu. Sikuwa na njaa kuliko ninyi. Mama alikuwa ananimegea sehemu yake kila siku kwa kuwa ni mwanawe wa kiume wa pekee, na bibi naye ananimegea yake, na wewe dada una mimba unalala na maji ya moto tumboni. Nilikula kwa sababu ulikuwa mtamu, na kwa sababu ulikuwa wangu peke yangu. Sina sababu nyingine ya kuwapa, nimeitafuta miaka sita.

Mvua iliponyesha mama akavunja muhuri mbele ya watu, yakatoka majivu. Mnakumbuka alivyokaa chini. Baba mdogo, uligeuza kilindo ukaona mshono mpya, ukasema, "Huu ni mkono wa fundi." Na fundi wa vilindo nyumbani petu alikuwa mmoja tu, Salum, mumewe Zuhura. Ukaniita mimi mtoto wa nyumbani, ukaniuliza mbele ya wote kama nimewahi kumwona shemeji yangu akikishika. Nikasema, "Nilimwona akikishusha, siku mama alipokwenda kuchimba mizizi." Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, na sauti haikutetemeka. Sikumwona. Hakukishusha. Mwizi ni mimi, Athumani bin Rashidi, na shahidi wa uongo ni mimi.

Mkaleta msahafu Salum aape. Salum akautazama ule mshono, akanitazama mimi, akasema, "Siapi." Mkamtoa. Mkamnyang'anya sindano yake ya kushonea, mama akaichomeka kwenye dari ya tembe asishone tena kwa watu, naye akaondoka na nguo aliyovaa. Wewe dada ukashikwa mikono usimfuate, na mimba yako ya miezi mitatu. Mkapanda mbegu za kuombaomba, zimechelewa. Bibi hakuyaona mavuno. Nami nililishika jeneza lake, nikalia na watu, nikasifiwa kwa huruma yangu.

Mwaka jana uliniandikia, kwa mkono wa baba mdogo, kwamba watoto wenzake wanamwita Mariamu binti mwizi wa mbegu, na kwamba hataki tena kwenda kisimani na wenzake. Nilisoma, nikaikunja barua, nikaleta jembe.

Basi nirudi ghalani. Walipofungua milango, jua likatupiga machoni. Nikageuka kumtazama yule jamaa wa karanga. Alikuwa Salum.

Nilijua yuko hapa Dodoma. Nisiwadanganye hata hili. Yapata miezi minane nilimwona akishona magunia stesheni, na tangu siku ile nimekuwa napita nyuma ya marundo ya kuni asinione. Amekonda, kichwani ana mvi ambazo si za umri wake. Akanitazama, akatazama kitambaa chake kitupu.

"Shemeji," akasema, "karanga zangu umezimaliza zote."

Tukaenda kukaa juu ya magogo. Nikasema, "Salum, kile kilindo..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni wewe. Nilijua siku ileile." Alisema kama mtu anayekueleza njia. "Nilikufundisha kushona tumekaa uso kwa uso, wewe unaigiza mkono wangu. Nilichokipeleka kulia wewe ukakipeleka kushoto. Nikakuacha tu, nikasema atajirekebisha. Mshono wako umelala upande wa pili, Athumani. Hakuna mwingine anayeshona hivyo."

Nikaanza kulia, nikamshika miguu. Akaiondoa miguu yake. Akasema, "Usiniambie mimi. Mimi nimeshajua miaka sita. Waambie wasiojua."

Nikamwambia twende wote Kolo, kesho, nitasema mbele ya watu. Alikataa. "Mimi sikutoka kwa miguu yangu, nilitolewa," alisema. "Mtu aliyetolewa hajirudishi, ataonekana amekuja kuomba. Wanaijua njia. Walionitoa waje wanichukue, na waje na sindano yangu. Wasipokuja, sina kwangu." Baba mdogo, wewe unajua kwamba ndivyo ilivyo kwetu, na mimi nikija naye mkononi ni kama nimemwokota njiani.

Na siku hazipo. Msimamizi wa magunia anawahamisha washonaji kwenda mbele, reli inakoishia, njia ya Tabora. Mwezi ukiandama wanaondoka. Wanaorudi kutoka huko wanasema homa inachukua watu kila juma, na wasiokufa wanasukumwa mbele zaidi. Salum akienda huko hamtampata tena, na sidhani kama yeye mwenyewe anataka kupatikana. Mzee Shabani anatembea siku sita. Atakayemfuata Salum pia atatembea siku sita. Mkisomewa Ijumaa na mkaondoka Jumamosi, mtamkuta. Mkikaa vikao vya kuulizana, hamtamkuta.

Sasa namjua mama yangu. Mama, hapo ulipo unatikisa kichwa. Unasema mwanangu amerogwa, au Salum amemshika mkono akamwandikisha, au ana homa. Ulinimegea chakula chako, huwezi kukubali kilikwenda wapi. Ndiyo sababu nimeleta kilindo. Nimekitengeneza mimi, kwa gome nililobandua mwenyewe, nimekishona mbele ya Salum na hakunisaidia hata tundu moja. Ndani mna uwele wa mbegu, nimeununua kwa Wagogo, mzuri, haujatobolewa na wadudu. Najua kile cha zamani bado unacho, umekitundika kiwe ushahidi. Kishusheni. Kigeuzeni chini juu, na hiki changu kigeuzeni, viwekwe pamoja. Kisha leteni kilindo chochote alichoshona Salum, majirani wote wanavyo. Baba mdogo, zamani uliangalia kama mshono ni mzuri. Sasa angalia umelala upande gani.

Hamtahitaji msahafu.

Mtauliza kama na mimi nimegeuka kama Bwana Tumbo. Sijui. Baada ya kuzungumza na Salum nilikaa siku tatu sijaandika neno. Nilipoanza kuandika, barua ya kwanza nilisema nilikuwa mgonjwa wa akili mwaka ule. Nikaichoma. Ya pili nilisema tulikula pamoja na rafiki aliyekwisha kufa. Nikaichoma na hiyo. Na juzi tulipewa nyama, nikajikuta niko nyuma ya rundo la kuni, kipande kiko kinywani, kabla sijajua nimefikaje pale. Nikakirudisha chunguni. Mwenzangu akasema, "Sasa nani atakula kitu kilichotoka kinywani mwako?" Hakuna aliyekila. Basi hivyo ndivyo ninavyogeuka mimi.

Limebaki neno moja, dada, nimeliweka mwisho kwa kuwa naliogopa. Najua swali lako. Umeliuliza tangu siku ile, umelilia, umemwuliza mama, umemwuliza baba mdogo: kama Salum hakuiba, kwa nini hakuapa? Mtu safi anaogopa nini msahafu? Najua hilo ndilo lililokuvunja, si yale majivu. Talaka hakutoa na wewe hukuomba, lakini umelala miaka sita na swali hilo.

Nami nilimwuliza. Alikuwa anakung'uta kitambaa chake cha karanga. Akasema, "Ningeapa mimi, wangekuita na wewe uape. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umeshasema uongo mbele ya watu, usingeweza kurudi nyuma. Ungeshika msahafu ukaapa. Nikaona heri mimi nitoke nyumbani kuliko wewe utoke katika rehema ya Mungu. Ulikuwa ndugu yake Zuhura. Nilidhani utasema baada ya siku mbili tatu."

Siku mbili tatu, dada.

Nisalimieni mama mdogo, mke wa Mwalimu Idi, aliyenitia chumvi mkononi nilipoondoka. Nisalimieni jirani yetu mfinyanzi, mwambieni kigae chake kilichopotea mwaka ule kiko juu mwambani, kimevunjika. Nisalimieni muadhini, na wazee wote waliokuwa barazani siku ile, naomba radhi yao mmoja mmoja. Mzuruni bibi kaburini mkimaliza kusoma, mwambieni na yeye. Na Mariamu msimpe salamu zangu. Mpeni jina la baba yake kwa sauti, mbele ya watoto wenzake, mara nyingi.

Mama, sindano iko darini upande wa mlango. Mpe baba mdogo aje nayo yeye mwenyewe. Mimi msinitafute. Nikiitwa nitakuja, nisipoitwa nitajua, na kuni hazijaisha.

Ni mimi mwizi wa mbegu zenu,
Athumani